Mtamba wa Fundi Yahaya

Cheyo, Tabora
9 Februari 2025

Baba Mkubwa Wenceslaus,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu ya hapo Puge husikilizwa na nyumba nzima, na wewe mwenyewe umesema kwamba siku hizi husikii mpaka mtu apige kelele. Jambo langu si la kupigiwa kelele. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Nzega, nikamwagiza aikabidhi mkononi mwako.

Kwanza, habari ya Octavian. Salamu zake ulizonifikishia Krismasi nilizipokea. Ni mtu mwema, na nasikia nyumba yake ina bati jipya na kisima. Hata hivyo, sitaolewa naye. Nimetimiza miaka arobaini mwezi wa Novemba. Nina kazi yangu ya ugani kule Ntalikwa, nina nyumba yangu, na wakulima wananisikiliza hata ninapowakaripia. Octavian anatafuta mtu wa kumlelea watoto, na watoto wenyewe wana ndevu.

Pili, naendelea na matibabu Dar es Salaam, niliyoyaanza kimya mwaka jana. Nitapanda basi mpaka Dodoma, kisha treni ya umeme, na nitakuwa nakwenda na kurudi. Si ugonjwa wa kutisha, kwa hiyo Mama Mkubwa Advera asianze kulia. Nikiwa tayari kueleza, katika ukoo wetu nitakueleza wewe kabla ya mtu mwingine. Kwa sasa uniombee tu, wala usiniulize.

Mwanao,
Paskazia


Puge
17 Februari 2025

Mwanangu Paskazia,

Marahaba. Barua imefika, ingawa kondakta aliikabidhi kwanza kwa muuza karanga, naye akaileta ikiwa na mafuta.

Umenikataza kuuliza. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na mtoto aliyeniambia nisimkague ndiye niliyemkagua kwanza. Nitaliheshimu neno lako kwa sababu wewe si mtoto. Lakini ujue watu wanafikiri nini. Mwanamke wa umri wako akisema anakwenda kutibiwa Dar es Salaam, na hataki kusema anatibiwa nini, watu hufikiri saratani. Mama yako mkubwa amekwisha kufikiri hivyo. Jina lako limesomwa kanisani pamoja na wagonjwa. Watu wanakuja kutupa pole. Binamu yako Shilinde amekuja na kuku.

Baba yako Benjamini alipokuwa akikata roho alinishika mkono, akasema, "Kaka, Paskazia ni wako." Sikumwahidi kwamba nitakutazama kwa mbali. Nitanyamaza, lakini sitalala.

Octavian amesema atangoja mpaka Pasaka. Sikumwambia asingoje.

Baba yako mkubwa,
Wenceslaus


Cheyo, Tabora
12 Julai 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mwambie Mama Mkubwa aondoe jina langu katika wagonjwa wanaoombewa. Sikuwa na saratani. Nina mimba. Imeingia mwezi wa nne, na daktari anasema mtoto yu mzima.

Niliahidi kukueleza kabla ya ndugu wengine, na ndivyo nilivyofanya. Kazini bado sijasema, ingawa watu wa Ntalikwa wana macho. Juzi niliinama kukagua mihogo iliyougua, mama mmoja akasema, "Bibi Shamba, siku hizi unainama kama mtu aliyebeba mayai mfukoni." Nikamwambia ni mgongo. Akasema, "Haya, mgongo upone salama," akaendelea kulima.

Mimba hii haikunijia kwa bahati mbaya. Niliitaka, na niliitafuta. Sina mume na sitafuti mume. Nitamzaa mtoto wangu na kumlea mwenyewe, na uwezo wa kufanya hivyo ninao. Kuhusu baba wa mtoto, nakuomba usiniulize kwa sasa. Hilo nitakueleza ana kwa ana, si kwa karatasi inayopitia kwa muuza karanga.

Sina aibu, Baba Mkubwa. Nina furaha, na nilitaka uijue.

Mwanao,
Paskazia


Puge
6 Agosti 2025

Mwanangu Paskazia,

Uliniomba nisikuulize kuhusu baba wa mtoto. Sikukuuliza. Nimemuuliza yeye mwenyewe.

Shilinde hupeleka mpunga Tabora kila wiki. Tangu Machi mpaka Juni alikuona, si mara moja, ukiingia jioni katika ua wa Yahaya, fundi wa majokofu aliye jirani yako, na kutoka baadaye ukijifunga khanga upya. Hakusema neno, kwa sababu tulidhani u mgonjwa na umekwenda kunywa kombe, ile dawa yao ya maandishi. Barua yako ilipofika, tukaelewa.

Nilikwenda huko na wazee wanne pamoja na Shilinde. Hatukwenda kwa ugomvi. Tulimkuta Fundi amelala chali nyuma ya friji la bucha. Akainuka, tukaamkiana. Nikamwambia, "Bwana Fundi, tumekuja kwa habari ya binti yetu Paskazia. Ana mimba." Akaanza kufuta mikono kwa kitambaa, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikamuuliza, "Habari hiyo unaijua?" Akasema, "Naijua." Nikamuuliza, "Je, mimba ni yako?"

Akakikunja kitambaa, akakikunjua. Shilinde akadakia, "Sema upesi, Fundi, wazee hawa magoti yao ni ya mkopo!" Watu waliokuwa dukani wakacheka. Fundi akawatazama, akanitazama mimi, akasema, "Ni yangu, wazee wangu."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Nikamweleza taratibu zetu, naye hakubishana. Wiki iliyofuata mtamba mwekundu alishushwa hapa kutoka kwenye lori, mnyama mzuri, mwenye mgongo ulionyooka.

Dini yake si yetu, na jambo hilo limenikaa kooni. Lakini ukoo wao uko Tabora tangu enzi za misafara, wanajulikana, na neno lao ni neno. Sasa heshima yako imesimama. Nawe unaijua sheria tuliyoikuta: mtoto ambaye baba yake amemkomboa kwa ng'ombe ni wa baba yake. Wewe utamnyonyesha na kumlea miaka ya mwanzo. Akipata akili atakwenda kwa watu wa Yahaya, na atajulikana kwa jina la Yahaya. Ukitaka kukaa naye daima, olewa na Fundi. Ni mgane, wala sitakuzuia.

Nimefanya ambalo baba yako angelifanya.

Baba yako mkubwa,
Wenceslaus


Cheyo
9 Agosti 2025

Bibi Shamba Paskazia,

Salamu kwanza. Simu hupokei. Nimegonga mlango wako mara mbili, nikaona pazia linasogea na mlango haufunguki. Ndiyo maana nimeandika, na barua anakuletea dada yangu Mwanahawa, kwa sababu yeye humfukuzi.

Najua umekasirika. Dada naye ameninunia, ananipakulia ugali bila mboga. Lakini nisikilize. Wazee watano wameingia dukani na kofia zao na fimbo zao. Watu wamejaa. Mwenye bucha amesimama juu ya kichwa changu, nyama yake inaanza kutoa maji. Mzee wako ananiuliza kama mimba ni yangu. Nikisema si yangu, ataniuliza, "Basi binti yetu alikuwa anafuata nini kwako kila jioni?" Nijibu nini? Niseme sindano zake za kupandikiziwa mimba zilikaa katika friji langu kwa sababu lina betri umeme ukikatika? Niseme dada yangu muuguzi ndiye aliyekuwa anakuchoma? Uliniapisha mbele ya Mwanahawa nisimwambie mtu. Nikaona neno moja litawaondoa.

Sikujua kwamba kwenu neno hilo lina ng'ombe ndani yake. Waliponitajia mtamba, nikaona nikirudi nyuma nitakufedhehesha mara ya pili. Nikanunua.

Niseme na hili, kisha ninyamaze. Tangu mke wangu afariki, nyumbani kwangu hakuna sauti ila ya Dada na ya mashine. Niliposema "ni yangu" mbele ya wale wazee, roho yangu haikukataa. Ukitaka neno lile liwe kweli, nitalifanya kweli. Tutafunga ndoa bomani, na dini yako utabaki nayo. Usipotaka, niambie la kufanya, nami nitalifanya.

Ni mimi,
Yahaya


Cheyo
10 Agosti 2025

Fundi Yahaya,

Nimesoma. Hasira imepungua, haijaisha. Mwambie Mwanahawa nimesema upewe mboga.

Ulitaka kunisitiri, nami nakushukuru. Lakini kwa mtamba huyo, mtoto aliye tumboni mwangu amekuwa wako kuliko alivyo wangu. Sheria ya kwetu haiulizi nani alichomwa sindano. Inauliza nani alitoa ng'ombe.

Kuhusu hilo jingine: wewe ni mwema kuliko wote waliokuja kwetu na posa, na ninasema hivyo bila kukupaka mafuta. Lakini sikuvumilia yale yote ili nipate mume. Nilitaka mtoto. Nikikubali leo, nitakuwa nimeozwa na ng'ombe, na wewe utakuwa umeoa kwa kukosa jibu mbele ya mwenye bucha. Ndoa ya namna hiyo hatuistahili, mimi wala wewe. Tubaki majirani. Sauti ya mtoto utaisikia, ukuta wetu ni mmoja, na mwezi wa kwanza utaomba isikike kidogo.

La kufanya ni hili. Nitamwandikia Baba Mkubwa ukweli wote. Kiapo nilichokuapisha nimekifungua. Akija kukuuliza tena, mjibu kweli, mwenye bucha akiwapo au asiwepo.

Jirani yako,
Paskazia


Cheyo, Tabora
13 Agosti 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Keti kwanza, na barua hii uisome peke yako.

Fundi Yahaya si baba wa mtoto wangu. Hajawahi kunigusa. Alisema uwongo kwa sababu nilimwapisha asitoe siri yangu, na ninyi mkamkuta katikati ya watu. Usimchukie. Nilinyamaza mno, na kunyamaza kwangu kumemfunga yeye. Sasa nasema.

Miaka miwili iliyopita daktari alinipima, akaniambia kwamba mayai yangu ya uzazi yanapungua haraka, na kwamba nikitaka mtoto wa damu yangu nisingoje. Sikuwa na mume wa kungoja naye. Nikaamua. Huko Dar es Salaam walinipa dawa za kukuza mayai, wakayatoa, wakayarutubisha maabara kwa mbegu za mwanamume ambaye alizitoa kwa hiari yake kwa ajili ya watu wenye shida kama yangu. Simjui, naye hanijui. Nimeambiwa ni mzima wa afya, ni mrefu, na amesoma. Kisha wakapandikiza tumboni mwangu. Mara ya kwanza, Novemba ya mwaka jana, haikushika. Habari hiyo ilinifikia kwa simu nikiwa shambani Ntalikwa, nawaonyesha watu jinsi ya kupima nafasi kati ya mashimo ya mahindi. Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kupima. Mara ya pili, Aprili, ikashika.

Sindano nyingine zilitakiwa kukaa penye baridi, nawe unaujua umeme wetu. Friji la Fundi lina betri. Dada yake Mwanahawa, muuguzi mstaafu, ndiye aliyenichoma kila jioni, chumbani mwake, tumboni na kisha kiunoni, na alinichoma hata baada ya mimba kushika, ili isitoke. Ndiyo maana Shilinde aliniona nikijifunga khanga. Mwambie siku nyingine aje aulize, nimpe chai.

Sasa nasimama juu ya sheria ile ile uliyonikumbusha. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtoto ambaye hakutolewa ng'ombe ni wa nyumba ya mama yake, na hakuna mtu wa kuja kumdai. Mwanangu hana baba aliyetoa ng'ombe. Mtamba uliye naye ulimpokea kwa makosa, na kwa kumpokea umempa mtu mwingine mjukuu wa Benjamini. Mrudishe.

Najua Kanisa linavyosema juu ya njia niliyopita. Wewe ni katekista, huna haja ya kuniandikia. Sikuombi useme kwamba njia ni njema. Nakuomba usimtoe mtoto nyumbani kwetu kabla hajaingia.

Najua pia swali unalolitayarisha. Akikua akaniuliza baba yake ni nani, nitamwambia: "Nilikutaka wewe, nikaenda kukutafuta, na mtu nisiyemjua akanisaidia." Nitamwambia mapema, asije akasikia kwanza kwa Shilinde.

Usipomrudisha mtamba huyo, nitakuja Puge mwenyewe. Nitamfunga kamba na kumpitisha mbele ya kanisa na mbele ya gulio mpaka kituo cha basi, tumbo langu mbele na mtamba nyuma. Unanijua.

Mwanao,
Paskazia


Puge
5 Oktoba 2025

Mwanangu Paskazia,

Marahaba, ijapokuwa ni ya tangu Agosti. Nilichelewa kwa sababu kila nilipoanza kuandika, niliyoyaandika hayakufaa kusomwa na mwanamke mwenye mimba.

Sikubaliani na njia uliyopita. Naliweka hilo mbele, usije ukalitafuta chini. Mtoto hutoka katika ndoa. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, na sitawafundisha vingine. Nilimwendea Padri nikitaka aniunge mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Kanisa haliikubali njia hiyo. Nikafurahi. Kisha akasema mtoto akizaliwa aletwe abatizwe kama wengine. Nikamuuliza, "Ndiyo hayo tu, Padri?" Akasema, "Mwalimu, ulitaka mtoto nimfanye nini?" Nikavaa kofia yangu, nikaondoka.

Nyumbani nako sikupata msaada. Uliniagiza nisome peke yangu. Nilisoma peke yangu, lakini kwa sauti, kwa kuwa siku hizi sijui sauti yangu inaishia wapi. Mama yako mkubwa alikuwa nje ya dirisha akipepeta mpunga. Nilipomaliza nikamwona amesimama na ungo. Akasema, "Ulikwenda Tabora na wazee wanne kumtafutia mtoto mwenyewe. Mwenyewe anaye. Mama yake alimfuata mpaka Dar es Salaam." Akarudi kwenye mpunga wake, na hakuniambia neno jingine mpaka kesho yake.

Basi nikawaita wale wazee, na Shilinde akaja bila kuitwa. Nikawaambia kwamba tulikosea mlango, na nikaeleza habari yote. Nilieleza vibaya, kwa maana maneno yenyewe sikuwa nimeyazoea. Shilinde akapiga makofi. "Mjomba! Bibi Shamba ametuhubiria mbegu za dukani miaka yote hii, nasi tukadhani anasema mahindi!" Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikamwambia Shilinde anyamaze. Akasema, "Nitanyamazaje, na mimi ni binamu yake? Nisipomtania mimi, atamtania nani? Niulize swali moja tu. Mbegu hiyo isipoota, wanarudisha?" Nikamwambia kwamba mara ya kwanza haikuota, na hakuna aliyemrudishia chochote. Hapo akashusha mikono. Akasema taratibu, "Hilo hakuniambia." Hakututania tena siku hiyo.

Mzee Zablon, ambaye unajua ni Mmoraviani na hapendi shauri likae nusu, akauliza, "Huyo mwenye mbegu akija kesho na ng'ombe wake, tutamwambia nini?" Nikamjibu kwamba hajui kama mtoto yupo, na nyumba hii hajui iko wapi. Zablon akafikiri. Akasema, "Basi hakuna wa kuja kumdai. Kilichobaki ni mtamba wa watu, na hatuna haki naye." Shauri likakatwa hapo.

Jumamosi nilimrudisha. Nilisafiri naye katika lori, nikiwa nimeketi mbele na dereva. Nilipofika nikasema, "Bwana Fundi, ulinidanganya." Akasema, "Nilikudanganya, mzee." Nikasema, "Mbele ya watu." Akasema, "Mbele ya watu, mzee, na mwenye bucha bado ananiuliza mwali yuko wapi." Nikamwambia ampokee mnyama wake. Akajibu kwamba ua wake umejaa majokofu, mtamba atalala wapi, afadhali apelekwe kwako, siku moja akunywesheni maziwa wewe na mtoto. Nikakataa. Mtamba huyo akionekana mlangoni pako, watu watasema mtoto amekombolewa kwa mlango wa nyuma. Tulibishana pale kwa heshima muda mrefu, na mtamba akala boksi zima la friji. Hatimaye Fundi akamuuza kwa yule yule mwenye bucha. Nimesikitika, alikuwa mtamba mzuri. Nilimwomba Fundi radhi kwa kumjia mbele ya wateja wake. Akanipa soda baridi.

Kwako sikubisha hodi, ingawa niliuona mlango. Usidhani kwamba kwa kumrudisha mtamba nimeyakubali yote. Nimesema tu kwamba mtoto si wa Yahaya. Kama ni wa nyumba hii, hilo mimi ndiye nitakayelisema, na nitalisema nikiwa nimemwona, si kwa kusukumwa na Padri, wala na ungo, wala na tumbo lako barabarani.

Jitunze. Mama yako mkubwa anatuma asali.

Baba yako mkubwa,
Wenceslaus


Tabora
4 Januari 2026

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Amezaliwa alfajiri ya Ijumaa, kwa upasuaji. Ni msichana, mzima, mwenye nywele nyingi na hasira ya kutosha. Mimi pia ni mzima. Dada Mwanahawa hakutoka kando yangu, na ndiye aliyemshika kwanza nilipokuwa bado nimelewa dawa.

Fundi Yahaya alikuja jana kututazama. Alisimama mlangoni, akamkagua mtoto kama anavyokagua mtambo, akasema, "Wazee wangemwona huyu kwanza, wasingenisumbua. Hafanani nami hata ukucha." Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Hapa hospitalini nimeambiwa nitaje majina yake mawili. La kwanza ni Magreth, jina la mama yangu. La pili nimesema wangoje. Sikuliacha wazi kwa kukosa jina, Baba Mkubwa. Ukininyima ninalolitaka, nitampa jina langu, aitwe Magreth Paskazia, naye ataishi vizuri na kunyoosha shingo, kwa sababu mimi ndiye nitakayemlea. Lakini nilimzaa awe mtu wa kwetu wote, na sitaki kuandika kwa hasira jambo ambalo atalibeba maisha yake yote. Ndiyo maana nakungoja.

Ulisema utamwona ndipo useme. Mshono ukipona, nikiruhusiwa kusafiri, nitamleta Puge kuwasalimu. Mkitupokea, tutakaa siku chache. Msipotupokea, tutarudi na basi la jioni.

Mwanao,
Paskazia


Puge
11 Januari 2026

Mwanangu Paskazia,

Marahaba. Barua yako nimeikuta mezani nilipotoka Tabora.

Ndiyo, nilikuwa Tabora. Mwanahawa alimpigia simu mama yako mkubwa, na Advera akanipigia kelele. Alhamisi nikapanda basi. Nilifika wodini nikakuta umelala. Mwanahawa alitaka kukuamsha, nikamkataza. Akaniuliza kama nitamshika mtoto. Nikamwambia nimekuja kumwona tu. Hakunisikiliza. Akaniweka mtoto mikononi kama mtu anayekabidhi madaftari, akatoka kwenda kuchukua maji ya moto.

Mtoto alifumbua macho, akanitazama bila kupepesa. Nimesimama mbele ya watoto wengi, Paskazia, na ninajua anavyotazama mtoto aliyefika darasa ambalo si lake. Huyu hakutazama hivyo. Kisha akalia. Nikaona akina mama wa vitanda vingine wananishangaa, na hapo nikatambua kwamba namsikia. Namsikia vizuri kabisa, bila mtu kurudia. Nikamwambia, "Nyamaza, mimi ni babu yako." Nilikuwa nimekwisha kulisema kabla sijaamua kulisema.

Kwa hiyo jina la pili waandike Benjamini. Magreth Benjamini. Atakayeuliza sababu, mwambie aje Puge aniulize mimi.

Kuhusu ile njia, bado nasema nilivyosema, na tutabishana ukija. Jitayarishe, nina hoja mpya. Padri ameweka ubatizo Jumapili ya pili ya Februari. Mzee Zablon ameomba kuhudhuria ijapokuwa si kanisa lake. Shilinde anaandaa utani ambao nimemwonya asiutoe mbele ya madhabahu, naye amesema atautoa nje, kwenye ngazi. Chumba cha baba yako kimepigwa chokaa, na mama yako mkubwa ameziba dirisha lisipitishe vumbi.

Nina neno moja la kukosoa katika barua yako. Umeandika kwamba utamleta mtoto kutusalimu, na kwamba mnaweza kurudi na basi la jioni. Anayepelekwa kusalimu kisha akarudi na basi la jioni ni mgeni.

Huyu mlete kwao.

Baba yako mkubwa,
Wenceslaus